Beki mmoja mkubwa au sita wa kutegemewa? Chicago 2015, Vegas 2023 na Florida 2024

Usiku ule Minnesota Wild, timu ya hoki ya barafuni, walipomchukua beki Quinn Hughes kutoka Vancouver, Desemba 2025, rafiki yangu wa Minneapolis alinipigia simu kabla sijamaliza kusoma habari yenyewe. "Kaka, hii ni busara kweli? Wametoa watu watatu na nafasi ya raundi ya kwanza ya drafti kwa mtu mmoja." (Drafti ni zamu za kila mwaka ambazo timu huchagua wachezaji vijana.) Watatu hao ni Marco Rossi, Liam Öhgren na Zeev Buium, beki kijana ambaye mashabiki wa Minnesota walishaanza kumwekea matumaini ya miaka kumi. Hughes naye si mtu wa kubezwa: mwaka 2024 alitwaa Norris, tuzo ya beki bora wa NHL nzima, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada.

Nilimwomba siku mbili nimjibu kwa maandishi. Haya ndiyo niliyomwandikia, nikiwa nimeyapanua kwa ajili ya yeyote anayejiuliza swali hilo kuhusu timu yake, au anayeendesha timu katika ligi za kubuni za mtandaoni na pesa zimembana. Nimechukua mabingwa watatu wa Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL, waliojenga safu ya ulinzi kwa njia tatu tofauti. Wote walishinda. Ninachotaka tukitazame ni gharama waliyolipa, na nini kingetokea siku mtu wa tatu angeumia.

Kwanza hesabu ya dakika

Kwa mgeni wa hoki ya barafuni: siku ya mechi timu ya NHL huvalisha watu 20, na mgawanyo wa kawaida ni mafowadi 12, mabeki 6 na makipa 2. Mabeki hutoka wawili wawili, jozi tatu, kila zamu ikichukua chini ya dakika moja. Mechi ni dakika 60, na karibu muda wote kuna mabeki wawili barafuni. Hizo ni dakika 120 za kugawana watu sita. Ukigawa sawa, kila mtu anapata 20. Adhabu huvuruga hesabu hii kidogo, lakini picha haibadiliki: beki mmoja akicheza 30, kuna mwenzake kabakiwa na 10.

Ndiyo maana mimi nikitaka kujua ulinzi wa timu siangalii jina la kwanza. Naanza na jina la tano, nashuka hadi la nane. La kwanza kila mtu analijua. Meneja mkuu nampimia kule chini.

Chicago 2015: nguzo nne

Chicago Blackhawks walikuwa na Duncan Keith, Brent Seabrook, Niklas Hjalmarsson na Johnny Oduya. Kwa msimu ule sikuona wanne bora kuliko hao. Wa tano alikuwa Michal Rozsival, mwenye miaka 36. Katika mechi ya nne dhidi ya Minnesota, mwezi Mei, Rozsival alivunjika kifundo cha mguu. Kocha Joel Quenneville alipotazama benchi aliwaona Kyle Cumiskey, David Rundblad na Kimmo Timonen, mzee wa miaka 40 aliyekuwa amerudi uwanjani baada ya kuugua damu kuganda mguuni na mapafuni. Akaamua mzigo wote uende kwa wale wanne.

Katika mtoano timu mbili hukutana mfululizo mpaka moja ishinde mechi nne. Mfululizo uliofuata ulikuwa dhidi ya Anaheim Ducks, na Anaheim walishalinusa jambo hilo. Mpango wao ulionekana kwa macho: kila Keith anapogusa kisahani (ndicho kinachochezwa badala ya mpira), mgonge. Akikitoa mapema, mgonge vilevile, ilimradi ndani ya sheria. Ryan Kesler wa Anaheim alisema hadharani kwamba hakuna binadamu anayehimili kugongwa kiasi hicho. Mechi ya pili ilikwenda mpaka muda wa nyongeza wa tatu, na Marcus Kruger alipofunga bao la ushindi saa ya mchezo ilikuwa imefika dakika 116 na sekunde 12. Ndiyo mechi ndefu kuliko zote katika historia ya klabu hiyo. Keith peke yake alikaribia dakika 50 barafuni usiku ule.

Hakuvunjika. Chicago waliwatoa Anaheim katika mechi ya saba, wakaifunga Tampa Bay katika fainali, na bao lililoamua mechi ya mwisho lilitoka kwa Keith mwenyewe: alipiga shuti, kipa akalitema, akalifuata na kulimalizia. Katika mechi 23 za mtoano alicheza zaidi ya dakika 700, wastani wa 31 kwa mechi, akapata pointi 21, yaani mabao na pasi za mabao. Tuzo ya Conn Smythe, ya mchezaji bora wa mtoano, alipewa kwa kura zote. Sijaona beki aliyebeba timu namna ile tangu nianze kufuatilia mchezo huu.

Sasa tazama upande wa ofisi. Oktoba 2014, kabla msimu haujaanza, Chicago walimwachia Nick Leddy aende New York Islanders. Alikuwa na miaka 23, anateleza kama upepo, na angekuwa beki wa tano wa ndoto. Aliondoka kwa sababu hesabu ya mishahara ilikataa: ligi huweka kikomo cha jumla ambayo timu inaweza kuwalipa wachezaji wake. Yaani pengo lililomfanya Keith acheze dakika 50 halikuletwa na kifundo cha Rozsival peke yake. Lilianza miezi saba nyuma, kwenye karatasi.

Na pesa za kumleta Timonen zilipatikana vipi? Februari 2015 fowadi nyota Patrick Kane alivunjika mtulinga, akawekwa kwenye orodha ya majeruhi wa muda mrefu. Timu yenye mtu kwenye orodha hiyo iliruhusiwa kuvuka kikomo cha mishahara ili kuziba nafasi yake. Chicago wakamleta Timonen, wakamleta na fowadi Antoine Vermette. Kane akapona na kurudi mechi ya kwanza kabisa ya mtoano, wakati ambapo kikomo kilikuwa hakihesabiwi tena. Sheria ziliruhusu, wakazitumia. (Nahodha Jonathan Toews alipopokea Kombe, mtu wa kwanza kumkabidhi alikuwa Timonen. Dakika alizocheza fainali zilikuwa chache mno, lakini ile ilikuwa mechi yake ya mwisho maishani. Mpaka leo nikiiona ile picha koo linanikaba.)

Baada ya sherehe, bili ilifika. Oduya aliondoka majira yale yale ya joto. Seabrook aliongezewa mkataba wa miaka minane, dola milioni 6.875 kwa mwaka. Mwaka 2016 Chicago walitolewa raundi ya kwanza na St. Louis, na mwaka 2017 Nashville waliwafunga mechi nne bila jibu. Hjalmarsson akauzwa kiangazi hicho.

Vegas 2023: sita bila pengo

Vegas Golden Knights waliingia mtoano wa 2023 na jozi tatu ambazo mashabiki wao waliweza kuzitaja usingizini: Alex Pietrangelo na Alec Martinez, Shea Theodore na Brayden McNabb, Zach Whitecloud na Nicolas Hague.

Kinachonivutia ni njia walizopitia watu hao kufika pale. McNabb na Theodore walipatikana mwaka 2017 klabu ilipoanzishwa: McNabb alichaguliwa kutoka Los Angeles katika drafti ya upanuzi, ambamo timu mpya huchukua wachezaji wa timu nyingine, na Theodore alitolewa na Anaheim ili Vegas wakubali kuuchukua mkataba wa mtu mwingine ambaye Anaheim hawakumtaka. Hague alitoka drafti ya mwaka huo huo, raundi ya pili. Whitecloud hakuchaguliwa na timu yoyote katika drafti. Walimsajili mwaka 2018 akitoka chuo cha Bemidji State, huko huko Minnesota. Martinez walimnunua Februari 2020 kwa nafasi mbili za raundi ya pili. Aliyenunuliwa kwa bei ya juu ni mmoja tu, Pietrangelo, Oktoba 2020, kwa dola milioni 8.8 kwa mwaka, na ili apate nafasi walimtoa Nate Schmidt kwenda Vancouver kwa nafasi ya raundi ya tatu tu. Schmidt alikuwa kipenzi cha watu. Wiki ile mashabiki wa Vegas walilalamika sana, na naelewa kwa nini.

Jaribio la safu yao lilikuja dhidi ya Edmonton, timu ya Connor McDavid na Leon Draisaitl. Pietrangelo alimpiga Draisaitl kwa fimbo na kufungiwa mechi moja, nayo ikawa mechi ya tano, huku mfululizo ukiwa 2-2. Beki wako namba moja hayupo, mbele yako kuna washambuliaji hatari kuliko wote duniani. Ben Hutton akavalishwa, kila jozi ikasogea hatua moja, na Vegas wakashinda 4-3. (Edmonton nao walimkosa Darnell Nurse kwa adhabu ya mechi hiyo hiyo, hivyo sitaki kuikuza kuliko ilivyokuwa.) Kocha Bruce Cassidy hakulazimika kumgeuza mtu yeyote kuwa Keith. Na katika fainali dhidi ya Florida, Theodore na Whitecloud walifunga mechi ya kwanza, Hague na Martinez wakafunga mechi ya tano, ile ya 9-3 iliyoleta Kombe.

Hapa ndipo nilipochukua kalamu nikapiga hesabu, na jibu lilinishangaza.

| Timu | Wanne wa juu kwa mwaka | Kikomo cha mishahara | Sehemu ya kikomo |
|---|---|---|---|
| Chicago 2014–15 | dola milioni 18.8 | milioni 69 | asilimia 27.3 |
| Vegas 2022–23 | dola milioni 22.1 | milioni 82.5 | asilimia 26.8 |
| Florida 2023–24 | dola milioni 16.2 | milioni 83.5 | asilimia 19.4 |

Angalia mistari miwili ya juu. Watu husema Chicago walimwaga pesa kwa nyota na Vegas wakazitawanya. Si kweli. Kwa wanne wa juu walitumia karibu sehemu ile ile ya mfuko. Tofauti iko kwa wa tano na wa sita. Chicago walikuwa na Rozsival wa miaka 36 na wengine wa kubahatisha. Vegas walikuwa na Whitecloud wa miaka 26 na Hague wa miaka 24, wote wawili kwa jumla ya dola milioni 5 hivi, asilimia 6 ya kikomo. Asilimia 6 hiyo ndiyo iliyomwezesha Pietrangelo kufika fainali miguu ikiwa bado yake.

Kipindi cha pili, ndipo utaona

Ukitaka kuyaona haya kwa macho yako, usihangaike na takwimu. Kata tiketi ya bei rahisi kule juu nyuma ya goli, usubiri kipindi cha pili.

Uwanja wa NHL una urefu wa mita 61. Waliowahi kuteleza Panari, Barabara ya Mombasa, Nairobi, wanakofanyia mazoezi Kenya Ice Lions, wajue ule ni mdogo zaidi kwa mbali, kwa hiyo jambo hili hawajaligusa. Katika kipindi cha kwanza na cha tatu, benchi la timu liko upande wa goli lake, na beki aliyechoka ana hatua chache kufika. Katika kipindi cha pili timu hubadilishana magoli lakini mabenchi hayahami. Sasa beki anayelinda goli lake analiona benchi kule ng'ambo ya mstari wa kati. Kama timu yake haijakitoa kisahani hadi katikati, hawezi kutoka. Akijaribu, anaacha mlango wazi nyuma yake.

Nilimtazama hivyo beki mmoja wa jozi ya tatu. Kisahani kilirushwa kona, akageuka kukifuata. Beki mzuri huangalia nyuma ya bega mara mbili kabla hajafika ukutani. Huyu aliangalia mara moja. Fowadi wa wapinzani alikuwa karibu kuliko alivyodhani. Akakipiga kisahani ukutani bila kutazama, kikaishia kwa mpinzani mwingine aliyekuwa akisubiri pale pale. Wakaanza upya. Sekunde 40, 60, 75. Mwenzake alikuwa ameinama, fimbo imelala juu ya magoti. Shuti la kwanza lilizuiwa na mguu wa mtu, la pili kipa alilishika, la tatu likaingia. Kesho yake watu walimlaumu kipa.

Kocha anayeogopa kuona hayo humficha beki kama huyo: anamtoa tu dhidi ya mafowadi dhaifu wa wapinzani, na akiwa ugenini, ambako mwenyeji ndiye mwenye haki ya kubadilisha wachezaji wa mwisho, hamtoi kabisa. Dakika zake zinamwangukia beki wa kwanza. Katika msimu wa mechi 82, dakika mbili za ziada kila usiku ni zaidi ya saa mbili na nusu za kugongwa. Kisha ndipo mtoano unapoanza.

Florida 2024: waliotupwa na wengine

Njia ya tatu ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote, na ndiyo ngumu kuiga.

Florida Panthers walipoteza ile fainali ya 2023, na Aaron Ekblad na Brandon Montour walitoka wakiwa wamevunjikavunjika. Ekblad alicheza na mguu uliovunjika na bega lililotoka mahali pake. Wote wawili walifanyiwa upasuaji, na meneja mkuu Bill Zito alijua mapema kwamba angeuanza msimu uliofuata bila mabeki wake wawili wakubwa wa upande wa kulia. Wengine wangeuza vijana wao kutafuta nyota wa haraka. Zito aliingia sokoni na kikapu kidogo. Oliver Ekman-Larsson alikuwa ametoka kulipwa na Vancouver ili aondoke. Akamchukua kwa milioni 2.25 kwa mwaka mmoja. Niko Mikkola, milioni 2.5. Dmitry Kulikov, milioni 1. Ekblad na Montour waliporudi Novemba, wale watatu hawakurudi benchi. Walishakuwa timu.

Na juu yao wote alikuwepo Gustav Forsling. Kisa chake kinanifanya nirudi Chicago. Januari 2015, miezi michache kabla ya lile Kombe la Keith, Chicago walimpata Forsling kutoka Vancouver, kijana wa raundi ya tano. Walikaa naye, wakamjaribu, na mwaka 2019 wakamtoa kwenda Carolina. Januari 2021 Carolina walitaka kumshusha daraja, acheze ligi ndogo. Ukitaka kumshusha mchezaji wa umri na uzoefu wake, sheria inakulazimisha kwanza umtangaze kwa timu zote, na kwa saa 24 yeyote anaweza kumchukua bure. Florida wakamchukua. Msimu wa 2023–24 alimaliza akiwa wa kwanza katika ligi nzima kwa tofauti ya mabao akiwa barafuni, +56, kwa mshahara wa dola milioni 2.667. Chicago, ambao nguzo zao zilikuwa zinazeeka mmoja baada ya mwingine, walikuwa wameshika nguzo mpya mkononi wakaiachia.

Mabeki sita wa Florida kwa pamoja waligharimu dola milioni 19.4. Sita wote. Chicago walilipa milioni 18.8 kwa wanne, miaka tisa nyuma, kikomo kikiwa milioni 69. Pesa zilizobaki ziliwalipa mafowadi Matthew Tkachuk, Aleksander Barkov na Sam Reinhart, ambao nao walilinda kama mabeki. Katika fainali walipata uongozi wa mechi 3-0, Edmonton wakasawazisha 3-3, na mechi ya saba Florida wakaishinda 2-1.

Ubaya wa njia hii ni kwamba mkataba wa bei rahisi ni mfupi, na mtu uliyemfufua akishang'ara anapanda bei. Kiangazi kile kile Montour alikwenda Seattle kwa miaka saba na dola milioni 50, na Ekman-Larsson akaenda Toronto kwa miaka minne. Zito akaanza upya: akamchukua Nate Schmidt, yule yule wa Vegas, kwa mshahara mdogo, na Machi 2025 akamleta Seth Jones kutoka Chicago. Wakachukua Kombe la pili mfululizo. Usidhani basi kwamba ni rahisi. Inahitaji maskauti wanaoona thamani kwa mtu aliyekataliwa, na kocha kama Paul Maurice mwenye mfumo unaomwambia kila beki jambo moja la kufanya, alifanye haraka. Timu isiyo na hivyo viwili ikikusanya watu wa milioni moja moja inapata tu watu wa milioni moja moja.

Sheria mpya imebadilisha mizani

Msimu wa 2025–26 ulikuja na jambo linalogusa uchaguzi wako moja kwa moja. Sasa kikomo cha mishahara kinahesabiwa hata katika mtoano: wale 20 wanaovalishwa usiku huo lazima waenee ndani yake. Mlango uliompitisha Kane mwaka 2015, na uliompitisha Mark Stone wa Vegas mwaka 2023 alipotoka kwenye upasuaji wa mgongo, umebanwa sana. Huwezi tena kujaza pengo la ulinzi Februari kwa mshahara wa majeruhi, halafu Aprili ukawavalisha wote.

Kwa maoni yangu hili limeongeza thamani ya beki mmoja wa aina maalumu: anayeweza kucheza dakika 17 bila kufichwa na analipwa chini ya milioni 3. Wa saba na wa nane nao wamepanda. Orodha ya msimu ina watu 23 tu mpaka siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji, kwa hiyo timu nyingi huweka mabeki saba au nane. Hapo jiulize kuhusu kila kijana: bado anaweza kushushwa na kupandishwa bila kutangazwa kwa timu nyingine? Kama ndiyo, unaweza kumlea taratibu. Kama muda wake umeisha, ukimshusha unaweza kumpoteza kama Carolina walivyompoteza Forsling. Akiba haiozi, ila hii ya mabeki ina tarehe yake.

Uchague ipi?

Kama tayari una beki wa kiwango cha Keith, mkataba wake ni mrefu na bei ilifungwa zamani, jenga nguzo. Ila usimuuze Leddy wako. Afadhali upunguze fowadi wa mstari wa tatu kuliko kumwachia beki wa tano mwenye miaka 23.

Kama huna mtu wa namna hiyo na hakuna anayeuzwa, njia ya Vegas ndiyo salama zaidi: mmoja wa bei kubwa, watatu wa kati, na wa tano na wa sita uliowakuza mwenyewe. Inachukua miaka mitano au sita. Ukiwa na meneja anayebadilishwa kila baada ya miwili, haitafika popote.

Kama pesa zako zote ziko mbele, kwa mafowadi, huna budi kuiga Florida. Hapo wekeza kwa maskauti kwanza, wachezaji baadaye.

Na Minnesota je? Mabeki wanne wa juu, Hughes, Brock Faber, Jared Spurgeon na Jonas Brodin, walichukua dola milioni 29.9 msimu ule wa 2025–26, kikomo kikiwa milioni 95.5. Hiyo ni asilimia 31, zaidi ya Chicago na zaidi ya Vegas. Nilimwambia rafiki yangu kwamba hata mimi ningefanya biashara ile. Beki wa aina ya Hughes huuzwa mara moja kwa miaka mingi, na kumweka pembeni mwa Faber ni kupata jozi inayoweza kula karibu nusu ya mechi. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba Spurgeon alikuwa ametimiza miaka 36, umri ule ule wa Rozsival, naye si wa tano bali ni wa wanne wa juu, na Buium, ambaye angekuwa tayari kuchukua nafasi yake, ndiye aliyekwenda Vancouver.

Mkataba wa Hughes, milioni 7.85 kwa mwaka, unakwisha 2027. Mpya utakuwa mkubwa zaidi kwa mbali, na zile milioni za ziada zitatoka mahali fulani. Nilimwomba jamaa yangu jambo moja: akienda uwanjani St. Paul, akate tiketi ya nyuma ya goli, na kipindi cha pili kikianza amwache Hughes, awatazame wale wa jozi ya tatu. Ahesabu mara ngapi wanaangalia nyuma ya bega.